Ziwa la Periyar: Miaka 130 ya Bwawa Lililobadili Mkondo wa Mto

Tarehe 10 Oktoba 2025 bwawa la Mullaperiyar, lililoko katika milima ya kusini mwa India, lilitimiza miaka 130 tangu Lord Wenlock, aliyekuwa gavana wa Madras, alipolizindua. Umri huo huhesabiwa zaidi na mawakili kuliko wapenzi wa historia, kwa sababu majimbo mawili, Kerala ambamo bwawa limo na Tamil Nadu inayoliendesha na kuyatumia maji yake, bado yanavutana juu ya usalama wa ukuta wake. Katikati ya mvutano huo limesahauliwa jambo moja linalowahusu hata wageni wanaokwenda huko kwa matembezi tu: ziwa la Periyar huko Thekkady, ambalo mashua za watalii hulizunguka kila siku ili kuwatazama tembo wakinywa maji, halikuwapo kabla ya bwawa hilo, na historia yake ni historia ya njaa, ya mkataba usio wa kawaida na ya vibarua waliokufa kwa homa.

Ziara ya kawaida ya kusini mwa India huanzia Madurai, mji wa hekalu la Meenakshi katika Tamil Nadu, hupita bonde la Cumbam lenye mpunga, minazi na mizabibu, kisha hupanda milima ya Ghats Magharibi hadi Kumily, mji mdogo wa mpakani ulio maarufu kwa iliki na pilipili manga, kabla ya kuteremka upande wa pili kuelekea mifereji na maji tulivu ya Alappuzha na bandari ya kale ya Kochi. Kwa msafiri mwenye subira safari hii ni somo la jiografia, kwa kuwa upepo wa kusi, ule ule uliokuwa ukiyasukuma majahazi kutoka pwani ya Afrika Mashariki hadi Malabar, hufika Kerala mwezi Juni ukiwa umejaa mvuke wa bahari, hugonga milima hiyo, hupanda, hupoa na kumwaga mvua kubwa upande wa magharibi, ilhali upande wa mashariki, ule wa Madurai, huachwa katika kile ambacho wataalamu hukiita kivuli cha mvua. Matokeo yake ni kwamba mto Periyar, ambao kwa urefu wake wa kilomita 244 ndio mrefu kuliko yote ya Kerala, hupeleka maji yake kwa wingi katika Bahari ya Arabuni, na mto Vaigai, unaopita Madurai umbali usio mkubwa kutoka hapo, hubaki mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Wazo la kuuvusha mto wa magharibi hadi mashariki lilikuwa la kale. Linahusishwa na Muthirulappa Pillai, waziri wa utawala wa Ramnad mwishoni mwa karne ya 18. Mwaka 1808 Kapteni James Caldwell alitumwa kulichunguza akaripoti kwamba lilikuwa ndoto isiyotekelezeka. Na mwaka 1850 kazi ndogo ilianzishwa ikaachwa kwa sababu ya homa na madai ya mishahara mikubwa. Kilicholifufua ni njaa kuu ya mwaka 1876 hadi 1878, iliyoua mamilioni ya watu kusini mwa India na kuifanya serikali ya Madras ione kwamba gharama ya kutojenga ilikuwa kubwa kuliko gharama ya kujenga. Mwaka 1882 kazi ya kuandaa mpango kamili alikabidhiwa Meja John Pennycuick, mhandisi wa jeshi aliyezaliwa Pune mwaka 1841.

Mto wenyewe, hata hivyo, ulikuwa katika ardhi ya Travancore (sehemu ya Kerala ya leo), ufalme uliokuwa chini ya ulinzi wa Uingereza lakini wenye mfalme wake, hazina yake na wanasheria wake, na mazungumzo yalichukua zaidi ya miaka 20. Hati iliyotiwa saini tarehe 29 Oktoba 1886 na V. Ram Iyengar, diwani, yaani waziri mkuu wa Travancore, pamoja na J. C. Hannyngton, mwakilishi mkazi wa Uingereza katika ufalme huo, iliipangisha serikali ya Uingereza takriban ekari 8,000 kwa miaka 999, ikiwa na haki ya kuongezewa miaka mingine 999, kwa kodi ya rupia tano kwa ekari kila mwaka, au jumla ya rupia 40,000, ambazo zilikatwa kutoka katika ushuru ambao Travancore yenyewe iliulipa kwa Waingereza. Maji yote yaliyoingia katika eneo hilo yakawa mali ya mpangaji, pamoja na mbao na haki ya uvuvi, na hapakuwa na kifungu kilichoruhusu kodi ipitiwe upya. Simulizi inayopendwa Kerala humtaja Mfalme Visakham Thirunal kuwa aliridhia kwa uchungu wa mtu anayetia saini kwa damu ya moyo wake; lakini mfalme huyo alifariki mwaka 1885, na hati ilikamilishwa chini ya mrithi wake, Moolam Thirunal. Simulizi hiyo haina tarehe sahihi, ila ina hisia sahihi, kwa maana ni vigumu kuusoma mkataba huo leo na kuuita makubaliano ya watu wawili walio sawa.

Kuhusu ujenzi wenyewe, shahidi mkuu ni A. T. Mackenzie, mhandisi ambaye historia yake ya mradi wa Periyar ilichapwa Madras mwaka 1899, na kwa kuwa yeye ni mhandisi anayewasimulia wahandisi, mhusika mkuu wa simulizi yake ni mto. Kazi ilianza mwaka 1887 katika msitu mnene usiokuwa na barabara, na karibu kila kitu, kuanzia chakula cha vibarua hadi mashine, kililazimika kupandishwa kutoka tambarare za Madras. Ukuta uliokusudiwa ulikuwa wa aina inayozuia maji kwa uzito wake tu: mawe yaliyojengewa kwa chokaa iliyochanganywa na surkhi, yaani matofali ya kuchoma yaliyosagwa hadi kuwa unga, mchanganyiko uliotumiwa na mafundi wa India kwa karne nyingi kabla ya saruji kuenea. Ulipokamilika ulikuwa na urefu wa mita 365 na kimo cha karibu mita 54, na ulikuwa miongoni mwa mabwawa makubwa zaidi ya wakati wake.

Ugumu haukuwa katika kuupandisha ukuta bali katika kuupatia mguu. Ili mawe ya msingi yawekwe juu ya mwamba, mto ulipaswa kwanza kusukumwa kando kwa kingo za muda za udongo, mawe na mbao, na mto wenye mafuriko yanayoweza kufika katika saa chache baada ya mvua kunyesha milimani haukukubali kusukumwa. Kingo zilijengwa katika miezi mikavu, zikabomolewa na maji, zikajengwa tena mahali pale pale, zikabomolewa tena, huku vikosi viwili vya askari wajenzi wa jeshi la Madras na maseremala wenye asili ya Kireno walioletwa kutoka Cochin, jina la wakati huo la Kochi, wakifanya kazi ndani ya maji. Wakati huohuo kikosi kingine kilikuwa kikitoboa mwamba wa mlima unaotenganisha mabonde mawili, kwa handaki linalokaribia kilomita mbili. Handaki hilo ndilo kiini cha ubunifu wote, kwa sababu ukuta ulikuwa na kazi ya kuyainua maji tu hadi yaufikie mdomo wa handaki, ambako yangegeuka mashariki, kushuka katika kijito cha Vairavanar, kuingia Suruliyar na hatimaye Vaigai, hivyo maji yaliyoumbiwa Bahari ya Arabuni yakawa yanaelekea Ghuba ya Bengal.

Adui wa pili alikuwa malaria, na hapa inafaa kukumbuka kwamba waliokuwa wakifa Mullaperiyar hawakujua kinachowaua, kwa kuwa daktari Ronald Ross alikigundua kimelea cha malaria ndani ya mbu huko Secunderabad, katika India hiyo hiyo ya kusini, mwezi Agosti 1897, miaka miwili baada ya bwawa kuzinduliwa. Vibarua waliamini kwamba homa ilitokana na hewa ya msitu. Walikimbia kambi, wakarudi kwa shida ya njaa, na mamia yao walizikwa huko huko milimani. Inasemekana hata kwamba pasipo araki, pombe kali ya kienyeji iliyotumiwa kama dawa, kazi isingekwisha.

Nje ya kitabu cha Mackenzie, katika vijiji vya wilaya ya Theni ambavyo mashamba yake hunywa maji ya handaki hilo, historia husimuliwa kwa namna nyingine. Huko inaaminika kwamba mafuriko yalipoyasomba matunda ya kazi na serikali ikakata tamaa, Pennycuick aliuza mali yake Uingereza pamoja na vito vya mkewe ili kazi iendelee kwa fedha zake. Habari hiyo imekaa zaidi katika vinywa vya watu kuliko katika hati, na yeyote anayejua jinsi serikali ya Madras ilivyoendesha miradi yake ya umwagiliaji ana haki ya kuitilia shaka. Hata hivyo nguvu yake haipingiki. Kila Januari, katika sikukuu ya Pongal ambayo wakulima wa Kitamil huadhimisha mavuno kwa kupika mchele mpya hadi ufurike chunguni, familia za Theni hupika pia kwa heshima ya Pennycuick, ambaye siku yake ya kuzaliwa, Januari 15, huangukia majira hayo hayo. Picha yake hutundikwa majumbani, wapo watoto waliopewa jina lake, na mwaka 2013 serikali ya Tamil Nadu ilimjengea kumbukumbu yenye sanamu mahali paitwapo Lower Camp, chini ya mlima. Ni heshima anayoistahili. Kinachosikitisha ni kwamba vibarua wa Kitamil waliokufa kwa ajili ya maji hayo hayo hawapikiwi wala hawatajwi, ilhali wao ndio babu za wanaopika.

Upande wa juu, ukuta ulipozuia mto, mabonde yaligeuka ziwa la karibu kilomita za mraba 26, na misitu iliyokuwa humo ikazama ikiwa imesimama. Vigogo vyake vyeusi bado vinatokeza juu ya maji, na ndege, hasa minandi, hutua juu yake kukausha mabawa. Watu wa jamii ya Mannan, waliokuwa wakiishi na kuvua katika bonde hilo, walihamishiwa kandokando ya Kumily pamoja na majirani zao Wapaliyan. Wanyama, kinyume chake, walinufaika, kwa kuwa maji ya kudumu katikati ya msitu yaliwavuta tembo, nyati wa mwitu na kulungu, na baada ya wanyama wakafuata wawindaji. Mwaka 1933 Travancore ilimteua S. C. H. Robinson kuwa mlinzi wa wanyamapori, na mwaka uliofuata, chini ya Mfalme Chithira Thirunal Balarama Varma, msitu unaolizunguka ziwa ukatangazwa hifadhi ya Nellikkampatty. Mwaka 1950 hifadhi ilipanuliwa na kuitwa Periyar, na mwaka 1978 iliingizwa katika mpango wa taifa wa kuwalinda simbamarara. Nyumba ya mfalme ya Edapalayam, iliyo kando ya maji, sasa ni hoteli.

Mgogoro wa majimbo ulianza kabla ya majimbo yenyewe kuwapo. Madras, ambayo sehemu yake ndiyo Tamil Nadu ya leo, ilipotaka kuyatumia maji hayo kuzalisha umeme, Travancore ilipinga ikisema mkataba uliruhusu umwagiliaji tu, na mwaka 1941 msuluhishi aliipa haki Travancore. Ushindi huo haukudumu, kwa sababu baada ya uhuru umeme ulizalishwa, na mikataba ya nyongeza ya mwaka 1970 iliuhalalisha huku ikipandisha kodi hadi rupia 30 kwa ekari. Mwaka 1979, baada ya bwawa la Machhu katika jimbo la Gujarat kubomoka na kuua watu wengi, hofu iliingia Kerala na maji ya Mullaperiyar yakateremshwa hadi futi 136. Mwaka 2006 na tena mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya India iliruhusu futi 142, na mwaka huo wa pili ikafuta sheria ambayo Kerala ilikuwa imeitunga ili kuzuia hilo. Kerala inataka bwawa jipya. Tamil Nadu inasema la zamani limeimarishwa vya kutosha. Mafuriko ya mwaka 2018 yalirudisha madai hayo yote upya.

Kelele hizi zimeiacha historia yenyewe bila mlezi. Abiria wa mashua za Thekkady huonyeshwa tembo, fisi maji na vigogo vilivyozama, na eneo la ukuta wa bwawa, ambalo liko chini ya ulinzi, hawafikishwi kwa kawaida. Inawezekana kufanya vizuri zaidi, na Periyar yenyewe imekwisha kuthibitisha hilo: tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wanaume waliokuwa wakiiba magome ya mdalasini mwitu ndani ya hifadhi wamekuwa waongozaji wa watalii na walinzi wa doria za usiku, na Wamannan wanaushika usukani wa matembezi ya msituni ambayo kwao ni ardhi ya mababu. Watu hao wanaijua hadithi ya bonde kabla ya maji kupanda. Kwenye gati la mashua, ambako wageni hungoja zamu yao, ipo nafasi ya kutosha kwa chumba kimoja ambamo hati ya mwaka 1886 ingewekwa wazi kwa Kimalayalam, Kitamil na Kihindi, pamoja na ramani ya mabonde yaliyozama, kumbukumbu ya Wamannan waliohamishwa na habari za vibarua waliozikwa kambini. Kwa kuwa watalii hulipa kiingilio cha hifadhi, na kwa kuwa wakulima wa Theni tayari huitukuza kazi hii kila Pongal, majimbo yote mawili yanaweza kulianzisha hilo bila kusubiri hukumu nyingine ya mahakama.