Jembe Darasani: Habari za Elimu ya Kizungu katika Ugogo

Elimu ya Kizungu iliingia Ugogo ikiwa imevaa joho la dini, kwani wamisionari wa Church Missionary Society waliotia makao Mpwapwa mwaka 1878, penye njia kuu ya misafara iendayo bara, walikuwa warithi wa mafundisho ya Martin Luther kwamba kila muumini, awe bwana au mtwana, hana budi ajisomee Maandiko kwa macho yake mwenyewe. Wagogo, kwa upande wao, hawakuwa watu wasio na malezi; mwana wa kiume alifunzwa machungani, akafundwa adabu jandoni, na kumtoa nyuma ya ng'ombe ili akakariri herufi ilikuwa hasara dhahiri katika nchi yenye mvua haba, ambako mifugo ndiyo akiba ya siku ya njaa.

Wadachi, yaani Wajerumani, waliofungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892, walitaka makarani na maakida, wala hawakuficha.

Waingereza waliowarithi ndio waliokuja na falsafa. Asili yake ilikuwa kusini mwa Marekani, katika vyuo vya Hampton na Tuskegee, ambako watu weusi waliotoka utumwani walifunzwa useremala, uashi na kilimo. Na mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, chini ya Thomas Jesse Jones aliyepata kufundisha Hampton, na pamoja naye James Aggrey wa Gold Coast, ilizunguka Afrika Mashariki ikinadi kwamba elimu ya Mwafrika ilingane na maisha ya kijijini kwake. Mwaka uliofuata serikali ya London ikatoa waraka wenye mwelekeo huohuo, na mwaka 1926 chuo cha ualimu kikaanzishwa Mpwapwa.

Sikatai kwamba shule iliyotengana na ardhi ni shule pungufu. Lakini fikira hii ilizaliwa mahali ambapo mweusi aliruhusiwa kushika randa na plau ilhali akinyimwa kura, na ilipovuka bahari haikuacha tabia hiyo nyuma. Mzee wa Kigogo alijua kulima uwele na mtama kuliko mkaguzi yeyote wa shule. Alilokosa ni kalamu ya kumwezesha mwanawe kusoma stakabadhi ya kodi na kujibu hoja za bwana shauri, na hilo ndilo lililofaa kumtoa mtoto machungani, ikiwa lipo la kumtoa.

Jembe lilirudi darasani mwaka 1967, safari hii kwa mkono wa Julius Nyerere, naye mwalimu kwa kazi yake, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Madhumuni yalikuwa mbali kabisa na yale ya 1925: huko mtoto alifunzwa aridhike na daraja lake, huku alitakiwa asijione bora kuliko wazazi wake. Baada ya Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971 kuwakusanya Wagogo katika vijiji vya ujamaa, shule zikawasogelea wengi ambao zamani walikaa mbali nazo, na Azimio la Musoma la 1974 likahimiza watoto wote waandikishwe ifikapo 1977. Hata hivyo, tofauti ya nia iliwadhihirikia zaidi walioandika siasa kuliko mtoto aliyepalilia shamba la shule saa sita za mchana, na wazazi waliendelea kuipima shule kwa idadi ya watoto waliochaguliwa kwenda sekondari.