Makosa ya Aina katika Maneno

Mwalimu hufundisha upatanisho wa maneno kwa bidii: kiti kimevunjika, mti umeanguka. Mtoto akisema, "Jumanne iliyopita imevua viatu," upatanisho wake ni sawasawa, wala hakuivunja kanuni yoyote ya sarufi. Walakini neno lake halina maana. Wala si uongo, kama ambavyo "Juma amevua viatu" huweza kuwa uongo. Je, kosa hili ni la namna gani?

Aristotle, Myunani (384–322 K.K.), aliyapanga yanenwayo juu ya vitu katika makundi kumi, kama vile kitu chenyewe, kiasi, sifa, mahali na wakati. Baada ya karne nyingi Gilbert Ryle, mwalimu wa falsafa katika Oxford, aliirudia habari hiyo katika makala ya mwaka 1938, akatoa kipimo: ondoa neno katika sentensi, tia jingine mahali pake, sentensi ikigeuka upuuzi, maneno hayo mawili si ya aina moja.

Mwaka 1949, katika kitabu chake The Concept of Mind, alitoa mfano wa mgeni aliyeonyeshwa vyuo, maktaba na viwanja vya Oxford, kisha akauliza Chuo Kikuu chenyewe ki wapi. Alidhani ni jengo jingine kando ya yale aliyoyaona, kumbe ni mpango unaoyaunganisha yote. Ryle alisema kwamba Descartes, aliyetoa Tafakari zake mwaka 1641, alikosea vivyo hivyo juu ya akili, akiifanya kitu kilichofichwa ndani ya mwili.

Kipimo hicho hakikukosa mashaka. Mwaka 1953 J. J. C. Smart alionyesha kwamba kikifuatwa mpaka mwisho, hata kiti na kitanda vitatengwa kuwa vya aina mbili.

Lakini onyo la Ryle latufaa sisi tufundishao kwa Kiswahili. Ngeli zetu hazitulindi: mti, moyo, mwezi na mwaka ni maneno ya safu moja, na mwaka haupandwi. Nasi twasema "hana akili" kama tusemavyo "hana jembe", hata twadhani mtoto amezaliwa bila kifaa fulani, tukamwacha. Ikiwa Ryle alisema kweli, akili imo katika kutenda kwenyewe: jinsi mtoto ahesabuvyo, ajibuvyo, na kujisahihisha. Basi mwalimu, kabla ya kuliandika neno hilo katika daftari, na ajiulize: Je, sikutafuta jengo lisilokuwapo?