Kinga ya nyaya za nyongeza kwenye pikipiki

Nyaya za nyongeza ni zile ambazo pikipiki haikutoka nazo kiwandani: waya wa chaja ya simu, wa taa za spoti, wa honi ya pili, wa redio, wa king'ora cha wizi, au wa kifaa cha kufuatilia ambacho mkopeshaji hukificha chini ya siti. Kwa bodaboda wa Afrika Mashariki, vifaa hivi ni sehemu ya kazi, na pikipiki yenye waya wa kiwandani peke yake ni nadra kuonekana kijiweni. Kukinga nyaya hizo ni kulizuia ganda lake, yaani kihami, lisiyeyuke kwa joto wala kulika kwa kusuguana. Fremu ya pikipiki nyingi imeungwa kwenye upande hasi wa betri, kwa hiyo waya chanya uliochubuka ukigusa chuma popote pale, shoti imekamilika.

Ukubwa wa hatari huonekana kwa hesabu fupi. Taa ya wati 35 kwenye betri ya volti 12 huvuta ampea 3 hivi. Waya wa shaba wa milimita 0.5 za mraba ukipitisha mkondo huo hupata joto la theluthi moja tu ya wati katika kila mita, kiasi ambacho mkono hauwezi kukihisi. Ukipigwa shoti na betri ikamwaga ampea 60, mita hiyohiyo hutoa zaidi ya wati 120. Ganda huyeyuka, hushika na kuyeyusha maganda ya nyaya jirani, na yote haya hutokea chini ya tangi la petroli.

Ndiyo maana fyuzi hutangulia kinga nyingine zote. Hukaa karibu na betri iwezekanavyo, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Ukubwa wake huchaguliwa kwa kuutazama waya na si kifaa pekee: kwa waya wa milimita 0.5 za mraba, fyuzi ya ampea 5 inatosha. Desturi ya kuziba nafasi ya fyuzi iliyoungua kwa uzi wa shaba au karatasi ya pakiti ya sigara huugeuza waya mzima kuwa fyuzi.

Joto na msuguano huelezwa kama maadui wawili, lakini kwenye pikipiki hufanya kazi kwa zamu. Ganda la nyaya za kawaida ni PVC, plastiki ambayo kwa asili ni ngumu. Mwaka 1926 Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani, aligundua namna ya kuifanya inyumbuke kwa kuichanganya na vilainishi. Ikipata joto kali kwa dakika chache, PVC hulainika na kuchubuka upesi. Ikikaa kwenye joto la wastani kwa miezi, kilainishi hutoka polepole, ganda likakauka na kupasuka kila linapokunjwa. Wahandisi wa umeme wana kanuni ya makadirio kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10, umri wa kihami hupungua kwa nusu.

Aina nyingi za PVC huvumilia kati ya nyuzi 70 na 105 za selsiasi. Mapezi ya kichwa cha silinda cha injini inayopozwa kwa hewa yanaweza kuzidi 150 kwenye foleni, na bomba la ekzosi karibu na injini hupita 300. Waya wenye ganda la silikoni hufika nyuzi 180 au 200, lakini silikoni ni laini na huchanika hata kwa ukucha. Anayeutumia kwa sababu ya joto hulazimika kuuvika kinga nyingine dhidi ya msuguano. PTFE, plastiki ya vikaango visivyoshika chakula, hufika nyuzi 260. Bei yake hukatisha tamaa, na kwa chaja ya simu haihitajiki kabisa.

Haihitajiki kwa sababu kinga kubwa kuliko zote ni njia ya waya, na njia hainunuliwi. Fundi mzuri huanza kwa kuufuata mkanda wa nyaya za kiwandani: waliousanifu walikwisha kuikwepa ekzosi, mnyororo na kingo za fremu. Waya mpya ukilazwa juu ya ule wa zamani na kufungwa nao, nusu ya kazi imekwisha. Anayekatisha njia ya mkato pembeni mwa silinda ili kuokoa nusu mita ya waya atairudia kazi hiyo, hata akitumia tepu ya bei gani.

Sehemu ya kuitazama kwa makini zaidi ni shingo ya usukani. Kila kona hukunja nyaya pale, na waya uliovutwa hadi kukaza hukatika ndani huku ganda likiwa zima, kosa linalowasumbua mafundi kulitafuta kwa kuwa taa huwaka usukani ukiwa kushoto na kuzimika ukiwa kulia. Dawa ni kuacha mlegezo wa kutosha, kisha kuuzungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili kabla ya kufunga chochote. Chini ya tangi kuna ukingo mkali wa mshono wa bati. Chini ya siti, kufuli na vikalio vya siti hubana waya dhidi ya fremu. Nyuma, mkono wa tairi hupanda na kushuka, kwa hiyo waya hufungwa kwenye fremu. Haufungwi kwenye mpira wa mafuta, wala kwenye kebo ya akselereta, ambayo ikizuiwa inaweza kukwama wakati pikipiki inakimbia.

Mtetemo nao usidharauliwe. Injini ya silinda moja ikizunguka mara 6,000 kwa dakika hutetemeka mara 100 kwa sekunde, yaani mara 360,000 kwa saa. Waya ulioegemea kichwa cha bolti unapigwa msasa muda wote huo, na vumbi la barabara ya changarawe likiingia katikati, msasa unakuwa wa kweli. Waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mnene haufai hapa, kwa maana mtetemo huuvunja. Unaofaa ni wenye nyuzi nyingi nyembamba. Maungio ya kulehemu kwa risasi nayo yana udhaifu: risasi hunywewa na nyuzi, sehemu hiyo inakuwa kijiti, na waya huvunjika pale kijiti kinapoishia. Koneka iliyobanwa vizuri hudumu zaidi.

Juu ya ungio huvishwa mrija unaosinyaa kwa joto. Mrija wa uwiano wa 2 kwa 1, wenye kipenyo cha milimita 6, husinyaa hadi 3, na ule wenye gundi ndani huzuia maji pia. Lazima uvishwe kabla ya kuunga. Hakuna fundi ambaye hajawahi kusahau hilo. Tepu nyeusi ya PVC ni mbadala dhaifu, kwani kwenye joto gundi yake hugeuka ulimbo, tepu ikateleza na kuacha waya wazi. Tepu ya kitambaa, ile inayoonekana kwenye nyaya za magari, huvumilia joto na msuguano vizuri zaidi. Vipande vya tyubu ya baiskeli, kipenzi cha gereji za uswahilini, hufyonza mtetemo vizuri na havina gharama, ila petroli na oili huvivimbisha na kuvilainisha.

Kwa urefu wa waya, soksi ya nyuzi za polista au bomba la plastiki lenye mikunjo hutosha. Karibu na ekzosi hutumika soksi ya faibaglasi iliyopakwa silikoni, au ile yenye uso wa alumini. Hii ya alumini hurudisha joto la mnururisho, na hilo hufanyika tu pakiwa na nafasi ya hewa kati yake na bomba. Ikigusana na chuma cha moto, inapitisha joto kama sufuria. Vibana vya plastiki huwekwa kila sentimita 15 au 20, vya rangi nyeusi kwa sababu vyeupe huvunjwa na jua, na mkia hukatwa usawa ili usiwe wembe wa kukwaruza waya wa jirani.

Ukanda wa pwani una shida yake ya ziada. Dar es Salaam na Mombasa, chumvi ya hewani huingia kwenye tundu dogo la ganda na shaba hugeuka kijani mbali na pale palipochubuka. Waya wa shaba iliyopakwa bati, unaotumika kwenye boti, hustahimili hali hiyo.

Pikipiki za umeme, ambazo sasa zinaonekana Kigali na Nairobi, zimeondoa ekzosi lakini zimeleta volti 48 hadi 72. Fyuzi za kawaida za magari hutengenezwa kwa volti 32. Kwenye volti za pikipiki hizi cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani ya fyuzi iliyokwisha kukatika.