Madungu ya Mlango wa Thames

Mkulima wa mpunga hujenga dungu shambani ili awaone ndege kabla hawajatua. Mwaka 1942 Waingereza walianza kujenga madungu yao baharini, mahali mto Thames unapomwaga maji, kwa sababu iyo hiyo, isipokuwa ndege waliowangoja wao walikuwa wa Hitler. Marubani wa Kijerumani walikuwa wakiufuata mto huo usiku kama njia ya kuwafikisha London, na wakipita huangusha mabomu ya sumaku katika mikondo ya meli. Mizinga ya pwani haikufika huko.

Mhandisi Guy Maunsell alibuni ngome za aina mbili. Nne za Jeshi la Majini zilikuwa na nguzo mbili nene za zege, wazi ndani, zenye ghorofa saba kila moja, juu yake jukwaa la mizinga. Zilijengwa nchi kavu zikiwa juu ya tishari la zege, zikavutwa hadi mahali pake, kisha tishari likajazwa maji likazama na kukaa chini. Wanajeshi wapatao 120 waliishi katika kila ngome, wengine wakilala ndani ya nguzo chini ya usawa wa bahari. Ngome tatu za Jeshi la Nchi Kavu, za mwaka 1943, kila moja ilikuwa kitongoji cha nyumba saba za chuma juu ya miguu minne minne: ya kuongozea shabaha katikati, nne za mizinga mikubwa, moja ya mzinga wa Bofors, na moja ya taa kubwa ya kumulika angani. Vivuko vya chuma viliziunganisha. Ngome hizi huhesabiwa kuwa zilitungua ndege 22 na mabomu yarukayo kama 30.

Baada ya vita adui akawa meli. Mwaka 1953 meli ya Sweden iliparamia ngome ya Nore, ikaangusha nyumba mbili na kuua watu wanne. Ngome ikabomolewa miaka michache baadaye. Mwaka 1963 meli nyingine iliondoa nyumba moja ya ngome ya Shivering Sands.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, utamu wa habari unapoanza. Umbali uliozifanya ngome hizi zifae vitani ulizifanya zifae pia kwa wakaidi. Kuanzia 1964 vijana waliweka mitambo katika ngome zilizoachwa wakarusha muziki bila leseni, kwa kuwa redio ya taifa iliwanyima nyimbo walizozitaka. Roy Bates, meja mstaafu, alikuwa na redio yake katika ngome ya Knock John. Mahakama ikapima, ikaona ngome imo ndani ya maji ya Uingereza, ikamtoza faini. Hakubishana na ramani. Alihamia ngome ya Roughs, iliyo mbali zaidi, nje ya mpaka wa maili tatu, na tarehe 2 Septemba 1967 akaitangaza kuwa nchi huru, Sealand. Mwaka huohuo serikali ililipua ngome ya Sunk Head kwa baruti, asije mtu mwingine akaikalia.

Mwaka 1968 Bates alishtakiwa kwa risasi zilizofyatuliwa kutoka ngomeni mwake. Hakimu akasema mahakama haina mamlaka mahali pale. Serikali ilisogeza mpaka wa bahari hadi maili 12 mwaka 1987, na Roughs ikamezwa. Hakuna nchi inayoitambua Sealand, lakini ukoo wa Bates haukutoka.

Ngome ya Tongue Sands iliangushwa na dhoruba mwaka 1996. Knock John ingali imesimama, tupu. Shivering Sands ina nyumba sita, na za ngome ya Red Sands ziko zote saba, kutu imezila na vivuko vingi vimeanguka. Watalii huzizunguka kwa boti kutoka Whitstable.