Nani aliongeza sauti?

Jumapili moja niliamka masikio yananilia ngiiii, kama televisheni ya zamani iliyofunga matangazo. Usiku wake nilikuwa kwenye onyesho la muziki, nimejibanza mbele kabisa, ubavuni mwa spika refu kuliko mimi. Si ndiyo raha yenyewe jamani? Besi inakupiga kifuani mpaka unasahau kodi ya nyumba.

Mchana nikakaa kuandika mahojiano niliyorekodi Ijumaa. Mzee niliyemhoji ana sauti ya chini. Nikarudisha nyuma, nikaongeza sauti, nikarudisha tena. Naambulia nusu nusu. Hapo ndipo nilipoogopa. Mwandishi wa habari asiyesikia watu ataandika nini?

Jumanne kengele ikanyamaza. Mimi nikaanza kuchimba: hivi kelele zote hizi zilianzaje?

Kumbe zilianza kwa shida ya kweli. Tarehe 15 Agosti 1965, The Beatles walipiga uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Sauti zao zilipitia vipaza sauti vya uwanja wa besiboli, na mashabiki walipiga mayowe mpaka wanamuziki wenyewe hawakujisikia. Wakati huohuo London, muuza ngoma Jim Marshall alikuwa akitengeneza amplifaya. Mmoja wa wateja wake, Pete Townshend, mpiga gitaa wa The Who, alitaka zenye nguvu zaidi, ikapatikana ya wati 100.

Haja ya kusikika ikageuka mashindano. Tarehe 31 Mei 1976, The Who walipiga kwenye uwanja wa mpira wa Charlton, London. Kitabu cha Guinness kikawaandika bendi yenye kelele kuliko zote duniani: desibeli 126, zikipimwa mita 32 kutoka jukwaani. Baadaye Guinness waliacha kuorodhesha rekodi za aina hiyo, wasije wakachochea watu kuua masikio.

Townshend alilipa gharama. Masikio yake yaliharibika, na mwenyewe amelaumu zaidi hedifoni za studio. Mpiga besi Kathy Peck wa San Francisco naye aliumia baada ya onyesho la mwaka 1984. Mwaka 1988 alishiriki kuanzisha HEAR, taasisi ya kuwaonya wapenzi wa roki, na Townshend alikuwa miongoni mwa waliochangia fedha za mwanzo. Mtu wa rekodi ya kelele akachangia vita dhidi ya kelele! Mwaka huohuo kampuni ya Etymotic ya Marekani ikatoa vizibo vya wanamuziki, vinavyopunguza sauti yote kwa uwiano, ili muziki ubaki muziki.

Kwa nini wahangaike hivyo? Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinywele vidogo vinavyopokea mtikisiko wa sauti. Zikifa hazioti tena. Nguvu ya sauti huongezeka maradufu kwa kila desibeli 3. Ndiyo maana wataalamu wa usalama kazini Marekani wanashauri saa 8 kwa desibeli 85, lakini dakika 15 tu kwa desibeli 100. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi za burudani: wastani usizidi desibeli 100 katika dakika 15, pawe na sehemu tulivu ya kupumzikia, na vizibo vipatikane.

Ona basi kichekesho chetu. Waliopandisha sauti walishajifunza kujikinga. Sisi tuliolipa kiingilio tunamwona mwenye vizibo mshamba, au tunajisokotea pamba ambayo haizuii mengi. Sikio la kufa halisikii dawa, walisema wahenga, na hapa msemo unakuwa wa kweli neno kwa neno.

Maonyesho sijaacha, na sitaacha. Ila sasa nina vizibo mfukoni, nasimama mbali na spika, na kila baada ya muda natoka nje kupunga upepo. Rafiki zangu wananicheka. Wacheke tu, mradi kicheko chenyewe nakisikia.

Na yule mzee? Nilimrudia kumwomba aseme upya. Aliniangalia, akauliza, "Mwanangu, una miaka mingapi wewe?"