Postikadi za Hoteli na Safari

Ukusanyaji wa postikadi za hoteli na safari ni shughuli ya kutafuta, kupanga na kuhifadhi kadi za posta zilizochapishwa kutangaza hoteli, barabara, bandari na vyombo vya usafiri. Kwa wakazi wa Migori na Homa Bay, kadi hizi ni sehemu ya kumbukumbu ya Ziwa Viktoria, ambalo Waluo huliita Nam Lolwe.

Kadi za kitani

Kadi za kitani zilivuma Marekani kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1950. Uso wake una vinundu vidogo vinavyofanana na mfumo wa kitambaa, na wino wake umekolea. Mchapishaji mashuhuri alikuwa Curt Teich wa Chicago, aliyeanza kazi mwaka 1898. Mwenye hoteli alipeleka picha nyeusi na nyeupe. Wachoraji wakaitia rangi, wakafuta nyaya za umeme na kuipamba anga. Katika namba zilizochapwa kwenye kadi za Teich, herufi A huashiria miaka ya 1930, B ya 1940, na C ya 1950.

Kenya na ukanda wa ziwa

Nchini Kenya, kadi nyingi za zama hizo zilikuwa picha halisi za kamera. Hoteli zilizopendwa ni kama Norfolk ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1904, na Treetops ya mwaka 1932. Upande wa ziwa, reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za mvuke zikaunganisha bandari hiyo na Kendu Bay, Homa Bay na Karungu. Meli ya SS Rusinga, iliyojengwa Scotland na kuunganishwa Kisumu, ilipewa jina la kisiwa kilichopo leo Kaunti ya Homa Bay. Kwa hiyo mkusanyaji wa pande hizi asiishie kwenye hoteli. Atafute pia gati, meli na barabara ya Kisii kupitia Migori hadi Isebania.

Kutambua umri

Geuza kadi. Stempu yenye maneno “Kenya and Uganda” ni ya miaka ya 1920 hadi katikati ya miaka ya 1930. “Kenya Uganda Tanganyika” ilianza mwaka 1935, na mojawapo ya stempu zake ina picha ya jahazi likiwa Ziwa Viktoria. Stempu za Kenya pekee zilianza na uhuru, Desemba 1963. Muhuri wa posta hutaja mji na tarehe, hivyo kadi ya hoteli ya Nairobi yenye muhuri wa Homa Bay inahusu historia ya Homa Bay pia.

Utunzaji

Joto na unyevu wa ziwani huleta ukungu, na mchwa hula karatasi. Kadi zitiwe katika mifuko ya plastiki isiyo na PVC, zisigundishwe, na stempu zisibanduliwe. Jina la aliyetoa kadi na mahali ilipopatikana viandikwe kwenye daftari, kwa maana picha isiyojulikana ilikotoka hupoteza nusu ya ushahidi wake.