Mwandishi Mpya na Ujenzi wa Wasomaji Wake

Makaa ya mawe ya Ngaka, katika nchi ya Wamatengo wilayani Mbinga, yalilala ardhini miaka mingi huku habari zake zikijulikana. Wapimaji wa zama za ukoloni waliyataja katika taarifa zao, lakini uchimbaji mkubwa wa kibiashara ulianza mwaka 2011. Makaa yalikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni njia ya kuyafikisha kwa wenye haja nayo. Miswada mingi ya waandishi wetu imekuwa katika hali hiyo hiyo.

Wahenga walisema kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina hekima yake, lakini imewapotosha waandishi wengi, wakaketi nyumbani kungoja wasomaji wawajie. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba historia ya uandishi nchini mwetu inafundisha kinyume chake: kitabu, hata kikiwa kizuri namna gani, hakijiuzi. Wasomaji hujengwa, na aghalabu hujengwa kabla kitabu hakijatoka mtamboni.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ni maisha ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Mzee huyu alimaliza mwaka 1945 riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, aliyoiandika kwa Kikerewe ili mila za watu wake zisipotee. Hakupata mchapishaji, kwa kuwa wasomaji wa lugha hiyo walihesabiwa kuwa wachache mno. Ikambidi aifasiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliichapisha mwaka 1980, na mwaka 1981 mwandishi akafariki dunia. Kazi ambayo leo twaihesabu miongoni mwa hazina za taifa ilisubiri miaka 35. Haikupungukiwa na uzuri. Ilipungukiwa na njia.

Washairi walitangulia kuivumbua njia hiyo. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni mjini Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa nafasi ya kutunga, kuulizana na kujibizana. Mtu wa Tanga alisomwa na mtu wa Songea ambaye hawakupata kuonana. Shaaban Robert alitoa mashairi yake humo, hata jina lake likawa limekwisha kuzoeleka vitabu vyake vilipoanza kuenea. Tunaona basi kwamba gazeti lilikuwa baraza la nchi nzima, na mshairi aliyehudhuria baraza hilo mara kwa mara hakuwa mgeni tena.

Baada ya uhuru uwanja ulipanuka. Kampeni ya elimu ya watu wazima ilizaa matunda makubwa: jaribio la taifa la mwaka 1975 lilionyesha kuwa wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wamepungua kutoka asilimia 67 hadi asilimia 39. Lakini wakati wasomaji walipoongezeka, wachapishaji walidhoofika. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilikoma pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Kisha zikaja shida za uchumi, na karatasi ikawa adimu. Mswada uliweza kukaa miaka katika sanduku la mchapishaji.

Ndipo baadhi ya vijana walipoamua kujitegemea. Kajubi Mukajanga alitoa vitabu kwa jina la Grand Arts Promotions. Elvis Musiba, ambaye riwaya yake ya Kufa na Kupona ilitolewa na Bureau mwaka 1974, alikuwa na Continental Publishers. Ben Mtobwa naye alikuwa na Heko. Vitabu vyao vilikuwa vyembamba, na jalada lake likimwita mpita njia. Havikungoja duka la vitabu tu, bali viliuzwa pia mitaani, mahali watu walipo.

Tunapenda kutazama zaidi hila moja ya waandishi hawa, nayo ni ya mhusika anayerudi. Msomaji aliyemaliza kitabu kimoja cha Musiba alijua kuwa atakutana tena na Willy Gamba. Aliyemaliza kimoja cha Mtobwa alimngoja Joram Kiango. Hivyo kila kitabu kilikuwa mpiga mbiu wa kile kitakachofuata. Wako wahakiki waliozidharau kazi hizi, wakaziita za kupitisha wakati. Huenda katika baadhi yake walisema kweli. Lakini hatuwezi kukana kwamba ziliwafanya maelfu ya watu wanunue kitabu cha Kiswahili bila kulazimishwa na mtihani.

Sasa tuirudie nchi ya Mbinga na pwani ya Ziwa Nyasa. Hapa maandishi si mageni. Wamisionari wa UMCA walikuwa na mtambo wa chapa kisiwani Likoma tangu karne ya 19, na meli yao ya Chauncy Maples, iliyoshushwa majini mwaka 1901, ilizunguka vituo vya ziwani ikichukua wamisionari na walimu. Wabenediktini nao walijenga kiwanda cha chapa Peramiho. Watu hawa walielewa siri ambayo mwandishi mpya huisahau: walitengeneza shule na msomaji pamoja na kitabu, na njia ya kukifikisha.

Mwaka 1972 Egidio Ndunguru alitoa kitabu cha Historia, Mila na Desturi za Wamatengo. Je, ni wanafunzi wangapi wa Mbinga waliopata kukishika mkononi? Tunauliza hivyo si kwa kumlaumu mtu, bali kwa kuwa kumbukumbu isiyosomwa hufa mara mbili: kwanza kwa kufa kwa wazee walioijua, na pili kwa kuoza kwa karatasi.

Mkulima wa Kimatengo hapandi mbegu kwenye mteremko mtupu. Kwanza nyasi hufyekwa na kupangwa kwa mistari inayokatizana. Kisha udongo huchimbwa na kuzifunika. Ndipo maharage hupandwa juu ya matuta. Hiyo ndiyo ngolo, nayo huzuia mvua isiichukue rutuba. Mwandishi mpya hana budi kufanya vivyo hivyo. Na asomewe kwanza na watu wa kijiji chake. Na apeleke hadithi fupi gazetini, na mashairi shuleni. Na apeleke vitabu mnadani baada ya mauzo ya kahawa, fedha zinapokuwa mkononi, badala ya kuvipeleka wakati wa ukata. Na asikae kimya muda mrefu baada ya kitabu cha kwanza.

Walimu nao wana sehemu yao, kwani darasa likisoma kitabu kimoja cha mwenyeji, mwandishi amepata wasomaji arobaini na wazazi wao. Nanyi wanafunzi, mnapomaliza kitabu kilichowapendeza, msikifungie sandukuni. Mpeni jirani akisome. Makaa ya Ngaka yalipata barabara. Maandishi ya Ngaka nayo yangoja yake, na barabara hiyo hujengwa kwa mikono ya wasomaji.